Kumsindikiza Mgonjwa Asiyepona na Wafiwa Wake: Mwongozo Kamili kwa Watoa Huduma

Katika nyumba nyingi nilizoingia nikiwa muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza mateso ya mgonjwa asiyepona na kuitegemeza familia yake, maneno ya kwanza hunikuta mlangoni kabla sijavua viatu: "Sista, tafadhali, mzee hajui. Usimwambie." Mara nyingi msemaji ni mtoto wa kwanza, au shemeji aliyekuja kutoka mjini. Naingia ndani, nasalimia, nakaa. Wenyeji wakitoka kuchemsha chai, mzee ananishika mkono: "Mwanangu, mimi najua naondoka. Ila hawa usiwaambie, watalia."

Nyumba nzima inajua, na kila mmoja ananyamaza ili kumkinga mwenzake. Humo katika kunyamaza ndimo zinamopotelea karatasi za kiwanja, deni la dukani, jina la mtoto wa nje ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na neno ambalo mume alitaka kumwambia mkewe. Nawaandikia wenzangu: wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maafisa ustawi wa jamii, pia wachungaji, mapadre na masheikh wanaoitwa nyumbani saa hizo. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara.

Anza mapema

Tiba shufaa si huduma ya wiki ya mwisho. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha afisa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua St Christopher's jijini London mwaka 1967 akiwa na hoja moja kubwa: maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako mwilini tu. Kuna ya mwili, ya moyo, ya nyumbani na fedha, na ya imani, na yote huuma kwa pamoja. Huduma hiyo ilifika Harare mwaka 1979, Nairobi mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Kilutheri Selian, Arusha, ni miongoni mwa mahali ilipopata mizizi.

Basi usisubiri mgonjwa aandikiwe "arudishwe nyumbani". Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa, au baba ambaye moyo umeshindwa na miguu inavimba kila mwezi, aanze kukuona angali anatembea. Anaweza kuendelea na mionzi na dawa zake huku wewe unamtembelea. Ukifika akiwa bado ana nguvu ya kuongea, utapata majibu. Ukichelewa utakuta ndugu wanajibu kwa niaba yake.

Tuliza maumivu kabla ya kuuliza lolote

Mtu anayeumia hawezi kuzungumza habari za wosia. Mwulize maumivu yako wapi, yanachoma au yanavuta, yanamwamsha usiku au hapana, na umwambie ayapime kwa vidole vya mkono: kidole kimoja ni kidogo, vitano ni yasiyovumilika. Kipimo hiki anakielewa hata bibi asiyejua kusoma.

Maumivu makali ya saratani dawa yake ni morfini ya kunywa, ikiandikwa na daktari. Familia ielewe mambo haya kabla hujaondoka. Inanywewa kwa saa, kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Dozi ya wakati wa kulala kwa kawaida huwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Karibu kila anayeitumia hufunga choo, hivyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni wa kawaida na hupungua. Akizidi kusinzia kiasi cha kutoamshika, wapige simu mara moja. Mwenye figo mbovu anahitaji uangalifu zaidi, mkumbushe daktari. Chupa ikae mbali na watoto, na kila dozi iandikwe kwenye daftari la shule.

Utaulizwa: "Sista, hii si ndiyo dawa ya kumalizia watu?" Usikasirike. Wameona majirani wakipewa morfini siku mbili kabla ya kufa, wakaunganisha mambo. Waeleze kwamba jirani yule alicheleweshewa dawa, na kwamba kuna wagonjwa wanaoinywa kwa miezi huku wakienda sokoni. Uganda iliona uzito wa jambo hili hata mwaka 2004 ikaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini wenyewe, kwa sababu vijijini daktari hayupo.

Uliza kabla ya kuambia

Hapa ndipo kazi yetu ilipo, na hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunafundishwa namna ya kutoa habari mbaya, tunasahau kwamba mgonjwa ameishi na mwili wake na ana habari nyingi kuliko faili letu.

Kaa chini, uwe usawa wa macho yake. Zima simu. Kisha: "Mzee, wewe mwenyewe ugonjwa huu unauonaje?" Nyamaza. Akimaliza: "Kule hospitali walikwambiaje?" Halafu swali ambalo siliruki kamwe: "Wewe ni mtu wa kupenda kuelezwa yote, au kuna mtu wako ungependa tuzungumze naye?" Wapo wanaojibu, "Mwambie mwanangu wa kike, yeye ndiye kichwa changu." Huo ni uamuzi wake, uheshimu na uuandike.

Akitaka kujua, sema kwa sentensi fupi na kwa jina la ugonjwa: "Saratani imefika kwenye ini. Dawa ya kuiondoa hatuna tena. Dawa za maumivu tunazo, na mimi nitaendelea kuja." Kisha acha. Chozi likitoka, lisubiri. Usiseme "hatuna la kufanya", maana si kweli, na mgonjwa husikia "tumekutupa". Wala usimwambie "usijali, utapona". Anakusoma usoni, na kuanzia siku hiyo hatakuuliza tena jambo la kweli.

Akiuliza amebakiza muda gani, usitaje tarehe. Taja kipimo: "Naona tunaongea habari za wiki, si miezi mingi. Naweza kukosea." Na akisema, "Mungu anaweza", usibishane na imani yake. Mimi husema: "Nami naomba hivyo. Tukiwa tunaomba, kuna jambo ungependa liwe limekaa sawa?" Swali hilo limenifungulia mengi kuliko lingine lolote.

Na yule shemeji wa mlangoni? Usimpuuze, usimkaripie. Mwulize anaogopa nini kitatokea mgonjwa akijua. Atakwambia: atakata tamaa, ataacha kula, atakufa haraka. Hofu hiyo ni ya mapenzi. Mpe ahadi mbili: "Sitamlazimisha kusikia asichotaka. Lakini akiniuliza mwenyewe, sitamdanganya." Sijapata kufukuzwa kwa maneno hayo.

Kikao cha familia

Mgonjwa akishasema anachotaka, omba kikao, na umwulize yeye nani aitwe. Kuna koo ambazo baba mkubwa ndiye anayesema. Kwa Wazaramo au Wakaguru usishangae mjomba akiwa na uzito kuliko baba. Mwangalie hasa aliyekaa mkekani karibu na mlango bila kutia neno. Mara nyingi ni mke, na ndiye anayemgeuza mgonjwa usiku, kumfulia na kumnywesha dawa. Mgeukie, mtaje: "Mama Fulani, wewe uliye naye usiku kucha, unaona anahitaji nini?"

Maswali ya kikao ni machache na mazito. Atauguziwa wapi? Akizidiwa, arudishwe hospitali au abaki? Azikwe wapi? Hili la mwisho msiliache hewani. Mgonjwa anayetaka kulala kwao Songea au Bukoba ni bora asafiri angali anaweza kukaa kwenye kiti. Kusafirisha mwili kunahitaji jeneza, gari la kukodi na michango ya haraka. Akisafiri hai ananunuliwa tiketi, na anafika akiwaona ndugu zake. Nimeona familia ikiuza ng'ombe na kiwanja kwa ajili ya safari ambayo mwezi mmoja nyuma ingekuwa nauli ya basi. Ila kabla hajaondoka, hakikisha anakokwenda kuna kituo chenye morfini, na umpe barua ya rufaa pamoja na dozi za njiani.

Kama nyumba ina dini mbili, kikao ndicho mahali pa kuuliza atazikwa kwa taratibu zipi. Jibu litoke kinywani mwake, mbele ya watu.

Wosia na karatasi

Wengi wanaona kwamba kutaja wosia ni kumchuria mgonjwa kifo. Silitumii neno hilo mwanzoni. Nauliza: "Mambo yako umeyapanga? Kuna mtu anayejua karatasi ziko wapi?" Tunaanza na orodha tu, isiyomgawia mtu chochote: viwanja na mikataba ya mauziano au leseni za makazi, mashamba, mifugo, hisa za kikoba na SACCOS, akaunti ya benki, fedha za simuni, mafao ya NSSF au PSSSF, anaodai na wanaomdai. Watoto wote, kwa majina, wa ndani na wa nje. Na nani atawalea wadogo. Namba za siri asikupe wewe kamwe.

Akiwa tayari kwa wosia, ajue njia zipo zaidi ya moja. Kwa mujibu wa tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wakiwemo wa ukoo na wasio wa ukoo. Wa maandishi unataka wasiopungua wawili kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, na wanne kama hajui. Na mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie, juu ya hao. Mwislamu anayefuata sheria ya dini yake anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali, na si kwa mrithi isipokuwa warithi wengine wameridhia; iliyobaki inagawanywa kwa mafungu yanayojulikana. Ukimwacha mke huyo wa taratibu za kimila, mrithi anayepewa kitu asiwe shahidi. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, au kwa wakili au benki. Chini ya godoro hapafai, panya hula na ndugu huchukua. Visiwani Zanzibar taratibu ni nyingine, zikiwa na Mahakama ya Kadhi.

Wewe kazi yako si kuandika wosia wala kupewa chochote ndani yake. Kazi yako ni saa. Mgonjwa anayetumia morfini huwa na saa ambazo maumivu yametulia na akili iko angavu. Kwa wengi huwa asubuhi. Mwite wakili au mashahidi saa hizo, na katika faili uandike kwamba siku ile mgonjwa alijitambua, alijua tarehe, mali zake na watoto wake. Maandishi hayo mawili matatu yamewahi kuzima ugomvi wa "alikuwa amepotewa na fahamu".

Mwanamke anayeelekea kuwa mjane anahitaji kusikia kitu kimoja mapema kutoka kwako: kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Asiyekijua hukubali kurithiwa na shemeji kwa sababu anadhani hana pa kusimamia. Mwunganishe na afisa ustawi wa jamii au shirika la msaada wa kisheria kabla ya msiba, akiwa bado na nguvu.

Siku za mwisho

Wasimulie familia mapema watakachokiona, ili kisiwatishe. Atalala muda mrefu. Atakataa chakula. Mkojo utapungua na kukolea rangi. Miguu na mikono itapoa, ngozi itakuwa na mabaka. Pumzi itakwenda mbio, ikome kwa muda, irudi tena. Koo linaweza kukoroma kwa mate anayoshindwa kuyameza. Sauti hiyo huwaumiza wanaosikia kuliko yeye. Mlazeni ubavu.

Ugomvi mkubwa wa siku hizi ni wa uji. Mama mzazi atataka kumlisha kwa nguvu, maana kwake kuacha kulisha ni kumuua mtoto. Mwambie kwa upole kwamba mwili unaofunga safari hauhitaji tena chakula, na uji ukiingia mapafuni utamtesa. Kisha mpe kazi nyingine ya mapenzi: kulowesha midomo kwa kitambaa safi, kumpaka mafuta, kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumshika mkono. Mama akinyimwa kulisha bila kupewa kazi, hatakusamehe.

Sheikh au padre aitwe mgonjwa akiwa bado anatambua watu. Mwislamu atatamani wa kumlakinia shahada, yaani kumtamkia taratibu ili aifuatishe, Mkatoliki mpako wa wagonjwa. Ongeeni naye hata akiwa amefumba macho, kwa kuwa anaweza kuwa bado anasikia. Na mabishano ya mirathi yatoke nje ya chumba hicho.

Akikata roho nyumbani

Tazama saa. Keti kwanza. Wenye kulia walie. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, nawe usitangulize maelekezo. Baadaye kidogo mfumbeni macho, nyoosheni viungo kabla havijakakamaa, toa mrija kama upo. Wanaoosha mwili wapate glavu, hili ni jukumu lako bila kujali ugonjwa uliomuua. Morfini iliyobaki ihesabiwe mbele ya mtu wa nyumba na irudishwe kituoni.

Mtu mmoja mtulivu, asiyekuwa mfiwa wa karibu, atumwe kwa mtendaji kutoa taarifa na kufuatilia kibali cha mazishi. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Bila cheti cha kifo, benki, mfuko wa hifadhi na mahakama hazitafungua mlango. Muhtasari wa kikao cha ukoo kinachomteua msimamizi wa mirathi uandikwe vizuri, mjane na watoto wakiwepo. Na lisemwe kwa sauti palepale: msimamizi wa mirathi si mrithi wa vyote. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu mahakamani. Mashemeji wengi wamekalia nyumba za wajane kwa kuchanganya maneno hayo mawili.

Matanga yakishaondolewa

Msibani nenda kama jirani. Kaa mkekani, toa rambirambi yako, usihubiri. Wakati huo mfiwa ana watu hamsini. Atakuhitaji zaidi viti na turubai vikisharudishwa, wageni wa mbali wamepanda mabasi, na usiku sufuria ya watu sita inapikiwa watu watano. Kabla ya kuondoka makaburini andika kwenye daftari lako tarehe nne: wiki moja baada ya matanga, baada ya arobaini, mwezi wa tatu, mwezi wa sita. Tarehe isiyoandikwa haitembelewi.

Ukifika, litaje jina la marehemu. Watu hukwepa kulitaja wakidhani wanamkumbusha, kana kwamba amesahau. Uliza usingizi, chakula, fedha, watoto shuleni. Epuka "jikaze", "Mungu amempenda zaidi", "una watoto wengine". Kwa mwanaume aliyefiwa na mke, uliza mara mbili, kwa kuwa amefundishwa kutolia na atajibu "niko sawa" kwa mazoea. Mjane wa Kiislamu yuko ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue kama ni mjamzito. Angalia kama ana kliniki au dawa za kila mwezi asizikose, na sheikh wa mtaa akusaidie kuwaeleza wakwe kwamba kwenda kutibiwa ni dharura inayokubalika.

Utasikia habari za hatua tano za huzuni. Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuwasikiliza watu waliokuwa wanakufa, si waliofiwa. Usimpangie mfiwa ngazi za kupanda. Anaweza kucheka arobaini na kuanguka chini mwezi wa tano kwa kuona shati. Kinachokutaka uchukue hatua ni huzuni isiyolegea hata kidogo baada ya miezi sita na zaidi, mtu hawezi kulima, kuuza wala kuwaogesha watoto. Na wakati wowote, akisema anataka kumfuata marehemu, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, na rufaa ya afya ya akili ifanyike siku hiyohiyo.

Watoto

Kiswahili kina adabu nyingi kuhusu kifo: ametutoka, ametangulia, amelala. Kwa mtoto wa miaka mitano adabu hizo ni mtego. Niliwahi kumkuta mtoto aliyeogopa kufumba macho usiku wiki nzima, kwa sababu aliambiwa baba "amelala". Mwambie: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi tena, hatarudi. Si kosa lako." Atauliza tena kesho, na keshokutwa. Mjibu vilevile. Akitaka kwenda makaburini, mweleze atakachokiona na mtu mmoja amshike mkono muda wote. Mwalimu wake ajulishwe.

Ziara ya mwisho

Tangaza ziara inayofuata kwamba ndiyo ya mwisho, ili usipotee ghafla kama marehemu. Nawe uwe na mtu wa kumweleza unayoyabeba, mwenzako kazini au kiongozi wako wa dini, kila wiki na si siku ya kuzidiwa. Wauguzi wazuri nimewaona wakihama wodi kwa sababu walilia peke yao miaka mitatu.

Siku hiyo ya mwisho mfiwa atataka kukusindikiza. Usikatae kwa kusema unachelewa gari. Ndani ya nyumba kuna mama mkwe, kuna watoto, kuna picha ukutani. Barabarani mko wawili, mnatazama mbele, na kuna mambo mtu huweza kuyasema asipotazamwa usoni. Mjane mmoja alitembea nami hadi kituoni bila neno, basi likaonekana kwa mbali, ndipo akasema usiku ule alikuwa amesinzia mumewe alipokata roho, na hajamwambia yeyote. Niliacha basi lipite.